Upelelezi Usio na Maiti

Jumapili, 6 Septemba 2009

Dada yangu Bertila, Tumsifu Yesu Kristo. Goti lako linaendeleaje? Na kifua cha mama? Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo ina hasira. Naandika humu kila siku. Akipatikana mtu wa kuja Bukoba atakuletea. Usimsomee padri.

Leo nimekwenda misa kwa kupita vichochoroni. Barabara ya Huanshi askari wanakagua pasipoti za watu wetu, maana mwezi ujao Wachina wana sherehe kubwa ya taifa lao, basi wanafagia uwanja. Pasipoti yangu iko kwa wakala, inaongezewa viza. Mfukoni nina kikaratasi alichonipa, chenye maandishi ya Kichina tu. Kinaweza kuwa cha dobi.

Sasa mpango. Unazijua picha za kutafsiriwa, zile za kibandani, mtu anaongea Kiswahili juu ya Wachina wanaopigana mateke. Samwel, mwenye studio Dar, anatafuta mtafsiri wa kudumu. Watu wamechoka na mateke, anataka upelelezi. Atakayetangulia kumfikishia hadithi nzima, kazi ni yake. Nikiipata, narudi nyumbani na jina. Nikiikosa, narudi na lile robota nililouziwa, la viatu vya mguu wa kushoto vitupu.

Mshindani ni mmoja. Abdulhadi, Mzanzibari, muuza simu hapa jengo la Tianxiu. Ana sauti ya asali. Mimi nina sauti ya ukatekista, iliyowahi kuamsha waumini kanisa zima wakati wa mvua. Tutaona.

Jumatatu, 7 Septemba

Nimenunua diski zangu chini ya daraja la waenda kwa miguu. Wapelelezi wa Kijapani, wanafunzi wa sekondari. Nikampelekea Ilham, binti wa Pemba anayesomea udaktari hapa, anisomee Kichina kilichoandikwa chini ya picha. Kumbe anaijua. Akanieleza kwamba kwanza ilikuwa riwaya, mfululizo mzima, na yeye ameisoma. Halafu wakaifanya katuni. Halafu wakaigiza watu wenyewe. Mimi nimenunua katuni. Abdulhadi tayari anayo ile ya watu.

Nikamuuliza nani anauawa. Akasema hakuna, mjomba. Katika kitabu kizima? Katika vitabu vyote. Basi wanapeleleza nini? Akasema kitabu cha kwanza wanatafuta ni nani aliyesimamisha saa ya shule asubuhi ya mahafali.

Saa, Bertila. Saa ya parokia yetu imesimama tangu askofu yule aliyepita na hakuna aliyetutungia hata wimbo.

Jumatano, 9 Septemba

Nimeanza kurekodi. Majina nimeyafanya ya kwetu, ndiyo desturi ya kazi hii. Kijana anayelala darasani ni Kamugisha. Msichana mwenye maswali mengi ni Koku. Mwalimu mkuu ana ndevu na macho ya hila, nimemwita Abdulhadi. Imetokea tu.

Upungufu wa maiti nimeurekebisha mwenyewe. Diski ya kwanza mlinzi wa geti anaonekana mara moja, halafu basi. Nikamuua. Sumu kwenye chai. Nikamwombea raha ya milele, imerekodiwa, imependeza.

Diski ya tatu, huyo hapo mlinzi anafagia majani. Nikasema ni pacha wake, amekuja msibani. Diski ya nne pacha anampokea mgeni kwa kicheko na kumpa chungwa. Ilham alikuwa ameketi pembeni, akaweka kitabu usoni.

“Mjomba, si ungemwacha tu awe hai?”

Nikamwambia watu wa kibandani wametoa kiingilio.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimeibiwa. Ganda limeandikwa diski ya mwisho, ndani kuna nyimbo za harusi. Nikakimbilia darajani. Muuza diski hayupo, meza haipo. Msako wa diski bandia umepita. Muuza mikanda ya suruali wa jirani aliniona tu akasema meiyou, yaani hakuna, kabla sijafungua mdomo. Watu wa hapa wakikukatalia hawachelewi.

Joyness, yule binti wa Moshi mwenye stoo ya mizigo, ameniletea salamu za Abdulhadi. Ati amesikia nimekosa mwisho, yuko tayari kuniazima wake. Nimekataa. Adui hakuazimi mkuki ulio mzima.

Ikabidi Ilham anieleze mwisho wa kitabu. Saa ilisimamishwa na bibi mfagiaji. Kulikuwa na mwanafunzi ambaye baba yake anatoka mbali kwa treni, na treni imechelewa. Bibi akasimamisha saa ili mahafali yachelewe kuanza, baba awahi kumwona mwanawe. Hakumwambia mtu. Kamugisha alipogundua, naye akanyamaza.

Nikauliza, halafu? Akasema ndiyo mwisho.

Mhalifu hafungwi? Hapigwi hata kofi? Kijana amepeleleza diski zote hizi ili aje anyamaze? Nimefundisha dini miaka mingi, huruma naijua, lakini huruma ina mahali pake na mahali pake si mwisho wa picha. Watu watang'oa mabenchi.

Halafu Ilham akaniongezea kwamba wale walioigiza walibadilisha, wakasema ni mkutubi, kwa kinyongo. Nikafurahi sana. Kama wenyewe hawapatani aliyefanya ni nani, hata mimi nina haki yangu. Ni mwalimu mkuu. Na amenyongwa.

Ijumaa, 11 Septemba

Siku mbaya. Nieleze taratibu.

Jovitus wa Karagwe alikuwa anasafiri leo jioni kwenda Dar. Nilikubaliana naye asubiri mlangoni pa jengo, nimpe diski yangu ya Samwel. Nikapanda kwenye stoo ya Joyness, ghorofa za juu, kumalizia kurekodi mwisho wangu, sauti tu bila picha. Pale marobota ya fulana yamejaa hadi darini, sauti haitoki wala haiingii. Nimefika kwenye kunyongwa, mlango ukasukumwa. Joyness, jasho tupu, viatu mkononi, amepanda kwa ngazi. Akanitupia pasipoti yangu.

“Shika, baba. Wanakuja.”

Askari wako chini, wanapanda kukagua ofisi moja moja. Yeye alikimbia kwa wakala na kuichukua, viza imeshagongwa, maana bila pasipoti wangeondoka na mimi. Jasho halijamkauka, askari wakaingia. Wakatazama viza, wakatazama uso, wakaniangalia na kipaza sauti katikati ya fulana. Mmoja akauliza ninafanya nini. Nikasema, Japani. Wakaenda zao. Kwenye rekodi, baada ya mwalimu mkuu kunyongwa, inasikika Salamu Maria mbili na nusu.

Nikateremka na diski. Jovitus ameondoka. Alisubiri hadi akachoka, ndege haimngoji katekista.

Kwa nini nilichelewa? Kwa sababu lifti ilikwama, askari wakachelewa kupanda na mimi nikachelewa kushuka. Na nani aliikwamisha? Joyness mwenyewe kanieleza, tena kwa kusifu. Abdulhadi. Alipowaona askari wanaingia, akavuta makatoni yake ya simu akayapanga mlangoni mwa lifti, na saumu yake, kisha akaanza kugombana na mlinzi kwa sauti ya juu. Askari wakakaa wakingoja. Joyness anasema bila hivyo asingewahi kufika na pasipoti.

Mtoto mdogo, hajui kuunganisha mambo. Mimi nimeshaangalia diski nne za upelelezi. Jiulize nani anafaidika. Mimi ningempa Jovitus diski yangu, Abdulhadi angeshindwa. Basi akafunga lifti.

Joyness akaniambia, lakini baba, na yeye diski yake ilikuwa mfukoni, na yeye amemkosa Jovitus. Hapo ndipo nikaogopa kweli. Wivu wa kufikia kujiharibia mwenyewe ili mwenzio asipate, huo sijawahi kuuona hata Bukoba.

Jumapili, 13 Septemba

Abdulhadi amenialika futari. Nimekwenda kwa sababu za uchunguzi. Tambi, sambusa, uji wa pilipili manga. Nimechunguza sambusa kwa makini. Sauti yake imekauka kwa ule ugomvi wa lifti, anaongea kama mlango mbovu. Nikamwambia pole, Mwenyezi Mungu ana mipango yake. Akacheka.

“Bwana Thadeo, mimi sauti ya kuendelea sina, wewe mwisho huna. Tufanye pamoja.”

Kabla sijakataa, Ilham, aliyealikwa pia, alishampigia Samwel simu. Akamsimulia mwisho wa kitabu, wa bibi na treni. Samwel akaomba arudie tangu kwenye treni. Kisha akasema anataka huo huo, kama ulivyo kitabuni, katuni itumike, na kazi ni ya wote wawili. Akaongeza kwamba sauti ya mzee Thadeo iliyochoka inamfaa bibi mfagiaji.

Mimi. Niliyesoma somo la kwanza mbele ya askofu.

Jumanne, 15 Septemba

Tumemaliza. Ilham amepata diski ya mwisho ya katuni kwa mwanafunzi mwenzake. Nimesema maneno ya bibi. Ni machache: treni ikichelewa, kosa si la mtoto. Abdulhadi akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Na mimi kitu kiliingia jichoni, marobota yale yana vumbi. Mlinzi wa geti wamemfufua bila kuniuliza. Samwel amesikiliza kwa simu, ameridhika, jina langu litaandikwa. La pili, chini ya Abdulhadi.

Sijalala, Bertila. Kesi ya lifti bado iko wazi. Nimewauliza watu watatu na wote wanasema aliifunga kwa wema. Nani anafunga lifti kwa wema? Nitamnasa tu. Nimeshaanza kumfuata anapokwenda kuswali.

Tena tunaanza kitabu cha pili, cha bata wa shule aliyepotea. Samwel amekataza vifo. Lakini Ilham anakwenda mitihani, na Abdulhadi bado hana sauti, kwa hiyo diski ya kwanza nitakuwa peke yangu na kipaza. Nina mpishi na nina mwalimu wa hesabu. Tafadhali nijibu upesi, dada, kabla ya Jumamosi: afe yupi kwanza?

Kaka yako,
Thadeo