Sanduku la Matundu Manne

Jumatatu, 3 Machi

Aibu! Mwalimu wa chekechea kaniita pembeni. Kasema binti yangu hana neno, mtoto mzuri, ila akiulizwa maumbo ananyamaza, akiambiwa ahesabu anatazama viatu vyake. Ijumaa atawapima wote. Atakayeshindwa atabaki na wadogo, wale ambao bado wanafungwa bibu shingoni wakila. Mwanangu! Miaka mitano! Akashauri tumpe vitu vya kuchezea, ashike, apange, apachike kwa mikono yake. Nikamwambia mimi ni seremala, amefika penyewe. Fundi cherehani, jirani yangu, alikuwa nyuma, masikio wazi. Binti yake anahesabu hadi ishirini. Bila hata kuombwa.

Jumanne, 4 Machi

Kabati la mteja lisubiri. Nimeunda sanduku lenye matundu manne: duara, mraba, pembetatu, nyota. Kila tundu na kibao chake. Nyota imenitoa jasho! Mke wangu kauliza mbona tundu la duara ni pana kama bakuli. Nikamwomba aniachie ufundi wangu.

Jioni binti kalikagua sanduku. Kisha katumbukiza vibao vyote vinne kwenye duara. Hata nyota. Akanipigia makofi.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu ya pili: hongo. Kibao kikipita tundu lake, kipande cha biskuti. Nikageuka kutafuta msasa. Kurudi, biskuti hakuna, vibao palepale. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, kauliza ni nani hapa anayefundishwa. Nikaendelea na msasa. Mkwe hajibiwi.

Nikaenda kumchungulia fundi cherehani, nijue siri yake. Nikapanda ndoo chini ya dirisha. Ndoo ikapinduka. Akatoa kichwa, akasema taratibu, “Karibu jirani. Mlango uko upande wa pili.” Eti hana siri, bintiye huchezea vifungo tu. Vifungo! Mtu mzima anadanganya mchana kweupe.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu ya mwisho: ishara. Kesho nitasimama dirishani. Nikishika pua, duara. Sikio, mraba. Kidevu, pembetatu. Nikikuna kichwa, nyota. Nimejifunza mbele ya kioo hadi pua imekuwa nyekundu.

Lakini mwanafunzi wangu hapatikani! Yuko chini ya meza yangu ya randa na binti wa fundi cherehani, wana kopo la vifungo na mabaki ya mbao zangu. Wanajenga nyumba. Kila nyumba madirisha matano ya vifungo, la sivyo wanagombana. Nimewafukuza mara tatu. Wamerudi mara nne. Mke wangu kaniambia niwaache, nitazame. Nitazame nini? Siku yenyewe ni kesho!

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu katia vibao kwenye mfuko. Mtoto aingize mkono bila kuangalia, ataje alichoshika. Binti yangu akaitwa. Nikashika pua, sikio, kidevu, yote kwa pamoja kwa wasiwasi. Hakunitazama! Akatazama viatu. Nikasahau ishara, nikasahau jirani. Nikataka tu kuingia, nimbebe, tuende nyumbani.

Ndipo nikaona mkono wake unazunguka ndani ya mfuko, polepole.

“Pembetatu,” akasema. “Ina ncha tatu. Hii moja haijapigwa msasa.”

Sauti yake! Darasani! Akataja na mengine. Akaulizwa vifungo mezani ni vingapi, akasema kumi na mbili, vya nyumba mbili na viwili vimebaki. Amepanda darasa! Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja. Binti wa fundi cherehani naye kafaulu, ila alisita kidogo. Alikuwa akinitazama, akajibu, “Pua.”

Jumamosi, 8 Machi

Nimewaeleza wote kwamba siri ni ishara. Mke wangu na fundi cherehani wamecheka hadi wakashikana mabega. Wivu. Mwalimu kaomba gunia la mabaki ya mbao kwa ajili ya darasa. Nimempa, ingawa sioni yatamsaidia nini.

Sasa naingia kazi kubwa zaidi. Nachonga herufi zote, A hadi Z, kwa ajili ya kichanga cha kaka yangu. Ana miezi miwili. Tunaanza kusoma Jumatatu. Shemeji kalalamika kwamba shingo ya mtoto bado haijakaza. Nimemjibu kusoma ni kwa macho. Shingo ya nini?