Gia Moja, Mashemeji Wawili

Mtu mwenye hela za kuchezea humtambui kwa viatu wala kwa saa. Unamtambua kwa kile anachokubali kukisukuma kupanda mlima. Hivyo ndivyo alivyowaza Orijino asubuhi ile alipomwona hakimu mstaafu, amevaa koti na tai, anasukuma pikipiki iliyotengenezwa kabla yeye Orijino hajazaliwa. Jasho lilimtiririka mzee mpaka kwenye ndevu, na bado kila baada ya hatua kumi alisimama kuikagua isije ikawa imekwaruzwa.

Jina la Orijino hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa, kwa sababu kila kipuri alichouza, hata kilichookotwa mtaroni, kilikuwa "orijino kabisa". Mali yake ilikuwa kigari kidogo cha kubebea mizigo, ovaroli safi kuliko ya fundi yeyote anayefanya kazi, na ulimi unaoweza kumuuzia mwenye kipara kitana, akarudi kesho kununua kingine.

"Shikamoo, mheshimiwa. Inaruka gia ya pili?"

"Marahaba. Umejuaje?"

"Nimeisikia kutoka kule chini. Mashine kama hii hailii, mheshimiwa. Inaomboleza."

Hakimu, ambaye kwa miaka thelathini alilipwa kuwasikiliza waongo, aliguswa moyo.

Wakaenda nyumbani kwake. Uani, Orijino alimwaga oili, akafungua giaboksi, akatandaza gazeti na kupanga juu yake shafti, beringi na gia, moja baada ya nyingine, taratibu kama daktari wa upasuaji. Kwa haki, hapo hakudanganya: gia ya pili ilikuwa imeng'oka meno mawili. Huo ndio ukweli wa mwisho uliomtoka kinywani kwa miezi mitatu.

"Kiwanda cha gia hii kilishafungwa," alisema, akiipapasa. "Duniani zimebaki tano. Nne ziko makumbusho."

"Na ya tano?"

"Ya tano najua ilipo. Ila mwenyewe yuko ng'ambo, na anajua anachouza."

Mke wa hakimu, mkunga mstaafu, alikuwa mlangoni na beseni la maji aliyoyakinga jikoni, pale bati linapovuja.

"Baba, hizo hela si za bati?"

"Bati halina historia," akajibu hakimu, na kuingia ndani kuzichukua.

Gia ya ng'ambo ilikuwa mtaa wa tatu. Humo aliishi mwalimu mkuu mstaafu, na sebuleni kwake ilisimama pikipiki ya aina ileile, rangi ileile, imewekewa sinia chini yake ili oili isidondokee zulia. Huyu mwalimu alikuwa kaka wa yule mkunga, kwa hiyo yeye na hakimu walikuwa mashemeji. Pikipiki walizinunua siku moja, ujana wao. Kisha, miaka kumi na mmoja iliyopita, walipokuwa wakirudi kutoka kumzika baba yake mwalimu, walibishana ni ya nani iliyoanza kufika kileleni mwa mlima wa hospitali. Marehemu hakuwa amemaliza hata siku moja kaburini. Tangu siku hiyo hawakusalimiana tena, na kila mmoja aliamini kwamba anatetea jambo kubwa.

Orijino aliyajua hayo, maana mtaa mzima uliyajua. Tapeli mwingine angeona ugomvi wa wazee. Yeye aliona ghala la vipuri.

Akabisha hodi kwa mwalimu. Alisema anazunguka kukagua mashine za heshima, bure, kwa mapenzi tu. Mwalimu, aliyewachapa watoto miaka arobaini kwa kutokusoma maelekezo, hakuuliza swali hata moja. Giaboksi ilikwenda "kusafishwa" siku moja, ikarudi inang'aa nje, na ndani imebeba gia kibogoyo ya hakimu. Ile nzima Orijino aliifunga kwa kipande cha kitambaa cha maua alichookota barazani, chini ya cherehani ya mke wa mwalimu, ambaye alikuwa mshonaji. Akampelekea hakimu.

Hakimu alizunguka mtaa mara nne akipiga honi. Wiki hiyohiyo pikipiki ya mwalimu ikaanza kuruka gia.

"Niliziona dalili, mwalimu," Orijino alimwambia kwa huzuni. "Sikutaka kukutisha. Duniani zimebaki tano..."

Mwalimu naye akalipa. Ili gia ipatikane, Orijino alirudi kwa hakimu na kumweleza kwamba gia mpya lazima itolewe ikapoe, la sivyo itaota kutu kwa ndani. Hakimu aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbushwa jambo alilolijua siku zote. Baada ya hapo sababu hazikuisha: oili haikuwa yake, hali ya hewa ilibadilika, klachi ilimwonea wivu mgeni. Kwa miezi mitatu gia moja ilivuka mji mara sita, ikalipiwa kila safari, na wasomi wawili wakashukuru kila ilipofika.

Wake zao, kwa bahati mbaya ya Orijino, hawakuwa wasomi wa kiwango hicho. Walizungumza. Kila Alhamisi mkunga alikwenda kukaa barazani kwa wifi yake mshonaji, na waume zao walijifanya hawajui.

"Wifi, yetu imepona jana," mkunga alisema Alhamisi moja.

"Yetu imekufa jana," mshonaji akajibu, pini zikiwa mdomoni.

"Juma lile yetu ilikuwa imekufa."

Cherehani ikanyamaza. "Juma lile yetu ilikuwa imepona."

Mkunga akafungua mkoba, akatoa kile kitambaa cha maua. "Gia yetu ya ng'ambo ilikuja imevaa hiki."

Mshonaji alikinyoosha juu ya goti, akapitisha kidole pembeni. "Hili ni pazia la yule mama wa benki. Na mkato huu ni wa mkasi wangu, tazama, una pengo, na hapa ndipo ulipong'ata."

Wakatazamana.

"Tuwaambie?" mshonaji akauliza.

"Uwaambie waungwana wale? Mume wangu atasema kaka yangu ndiye aliyemtuma. Kaka yangu atasema mume wangu ndiye. Watasusiana mpaka ahera."

"Kwa hiyo tumwache atukamue? Mimi nimeshona sare za shule nzima, hela zote zimeingia kwenye lile dude."

"Wifi, nimezalisha miaka thelathini na tano," mkunga alisema. "Kilichoingia tumboni hutoka. Hupaswi kumvuta mtu. Unamngoja asukume mwenyewe."

Jumatatu Orijino alikuja kwa hakimu kuitoa gia tena, safari hii kwa madai kwamba imechoka. Mkunga alimmiminia maji ya kunawa, akaongea naye kwa sauti ya chini, ya mwanamke aliyezidiwa na mambo.

"Mwanangu, wewe unajua dunia. Kuna bwana alipita hapa, wa hoteli ile kubwa. Anataka pikipiki mbili za aina hii, mapacha, azisimamishe mlangoni pande mbili. Bei aliyotaja, niliogopa hata kuirudia. Lakini moja peke yake haitaki. Na hawa wazee hawawezi kuuza pamoja hata kuku. Nikamwambia haiwezekani, akaenda."

Bwana huyo hakuwahi kuzaliwa. Na kama kuna mtu aliyekuwa na hakika ya hilo, ni mkunga.

"Usimwambie mtu mwingine, mama," Orijino alisema.

Msidhani alikuwa mjinga. Alikwenda kuhakikisha. Alisimama mkabala na hoteli, akaona mlango mkubwa wa vioo, kulia patupu, kushoto patupu. Mtu aliyeishi kwa kuwauzia wenzake kisichokuwepo alitazama patupu pawili na kuona ushahidi.

Akaanza na hakimu.

"Mheshimiwa, mashine hii itakumaliza. Niachie nikuondolee mzigo, nikupe chochote."

"Chochote?" Hakimu alivua miwani. "Wewe mwenyewe ulisema gia yake zimebaki tano duniani. Nne ziko makumbusho. Sasa hiyo ni gia tu, bwana mdogo. Pikipiki nzima je?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Orijino alikutana na maneno yake mwenyewe, na hayakumtambua.

"Nasikia kaka yangu yuko mbioni kuuza yake," mkunga akasema kutoka jikoni. "Tena bei nzuri."

Hakimu akapandisha bei palepale. Kisha akaandika hati kwa mkono wake, nakala tatu, kwamba mnunuzi ameikagua mashine, ameridhika nayo kama ilivyo, na hatakuwa na dai lolote mbele ya mtu yeyote, hai au maiti. Orijino akatia sahihi haraka. Kwa mwalimu mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana mshonaji alishamnong'oneza mumewe bei aliyopata shemeji yake, na mwalimu aliapa kwamba hatauza bila kuipita. Orijino akarudisha kila alichochuma kwa miezi mitatu. Hakikutosha. Akaongeza akiba yake. Haikutosha. Akauza kigari.

Siku iliyofuata alikodi mkokoteni, akazifunga pikipiki zote mbili kwa kamba na kuzikokota hadi kwenye hoteli, ovaroli imepigwa pasi. Meneja alitoka mbio.

"Nini hivi?"

"Mapacha," Orijino alisema, akitabasamu. "Mwambie bwana mwenye hoteli nimefika."

"Mwenye hoteli ni mama, na hata mashine ya kukatia majani haitaki karibu. Ondoa vyuma vyako, wageni wanashuka!"

Orijino alicheka. Alidhani ni mbinu ya kushusha bei. Alicheka mpaka mlinzi alipoanza kuusukuma mkokoteni kurudi barabarani, kisha akaacha.

Aliwakuta mawifi barazani, wanakunja mashuka.

"Mama, umenidanganya!"

"Mimi?" Mkunga hakuinua kichwa. "Nilikwambia bwana alipita, akaenda. Sasa ameenda, wanidai nini?"

"Nitakushtaki!"

"Vizuri sana. Mume wangu atakuandikia mashtaka, ana mwandiko mzuri. Utaeleza ulivyoishika ile gia, ulivyoiuza hapa, ukaiuza kule, ukairudisha hapa. Usisahau hata safari moja. Mimi nitaleta kitambaa."

"Na mimi nitaleta mkasi," mshonaji akasema.

Orijino aliwatazama wanawake wale wawili wakivuta shuka, huyu huku na yule kule, wakikutanisha ncha bila kupepesa macho. Kisha akageuka, akaushika mkokoteni. Jioni ile pikipiki zote mbili zilichukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye alizipima kwa mizani na hakuuliza habari za gia. Orijino hakuonekana tena mjini. Wasiomjua wanasema alipata kazi nje. Wanaomjua wanafunga milango.

Na wazee? Wiki haikuisha, hakimu akitembea kwa miguu alikutana uso kwa uso na mwalimu, naye kwa miguu. Hapakuwa na pikipiki ya kujifanya wanaishughulikia. Walisimama.

"Nasikia uliuza," hakimu alisema. Yalikuwa maneno ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja.

"Niliuza. Yule kijana alinipigia magoti."

"Kwangu alilia."

"Kwa bei gani?"

Hakimu akataja bei, akiwa ameiongezea kidogo. Mwalimu akataja yake, akiwa ameiongezea zaidi. Hakimu akakumbuka kwamba kulikuwa na nyongeza aliyoisahau. Wakaongozana wakibishana mpaka barazani kwa mshonaji, wakaketi benchi moja, wakaendelea, na jua likatua hawajamaliza. Kesho yake hakimu alirudi na hoja mpya. Siku hizi yuko pale kila siku, na wakati wa kula mshonaji huwaletea chakula katika sahani moja, kwa sababu zikiwa mbili watabishana ni ipi iliyojaa.