Likizo ya Baba Mchongaji

Jumatatu, 16 Juni 2025

Leo nimeanza likizo. Mie, Fransis, mchongaji wa Kibamba, ambaye sijawahi kuwa na bosi wa kumwomba ruhusa. Chama chetu cha waliojiajiri mtaani kimepitisha: mama akijifungua analipwa posho siku arobaini apumzike, baba siku saba akae nyumbani amhudumie. Nyumba moja, jalada moja. Akikamatwa mmoja anafanya kazi, posho ya wote inakatwa.

Flaviana kajifungua Ijumaa, kwa upasuaji. Mtoto wa kike, sauti kama mnadi mitumba. Posho ikikatwa, mke wangu anarudi kwenye jiko la vitumbua na mshono wake. Hilo nalijua. Ndiyo maana nitajitahidi nisikamatwe.

Maana hoteli moja ya Mbezi Beach inataka tembo wa mbao Jumatatu ijayo. Posho yangu na tembo wangu. Sioni ubaya.

Jumanne, 17 Juni

Nimechonga nyuma ya nyumba, jirani na choo. Flaviana kauliza kutoka ndani nafanya nini. Nikasema nafua. Kasema nepi zinafuliwaga kwa maji, sio kwa nyundo. Isitoshe, nepi anafua mdogo wake, shemeji Yuliana, anayekuja kila siku kutoka Ubungo.

Nurdin, mchongaji mwenzangu, alipewa siku saba zake mwezi uliopita. Akafua, akapika uji, akamkanda mkewe kwa maji ya moto. Mtaa mzima unamsifu. Mwanaume gani anasifiwa kwa uji? Kwa vinyago hajawahi kunifikia.

Ili nami nionekane, nimenunua nepi dazeni nzima na kuzianika kamba ya mbele.

Jumatano, 18 Juni

Kaja Bi Hamdiya, mwenye duka la vyombo. Ndiye mkaguzi wa chama. Anakuja kumwona mzazi kama wanawake wote, na sabuni na kanga, anampakata mtoto, huku macho yanatembea. Nimempa shikamoo mbili. Kaitikia moja.

Kashika nepi kwenye kamba, akauliza mbona zina mikunjo ya dukani. Nikasema napiga pasi. Akasema majirani wanasikia ko-ko-ko kutwa nzima. Nikasema natwanga. Mchele wa uji wa mzazi. Kafurahi, kasema wanaume wa kutwanga wamebaki wachache.

Uongo mzuri haunichukui hata dakika. Ni kipaji.

Alhamisi, 19 Juni

Bi Hamdiya kaleta debe la mchele. Kesho anakuja kuniona nikitwanga, na wanaume wengine wawili wapate kujifunza.

Sina kinu. Nurdin anacho, lakini kumwomba Nurdin, bora nife. Flaviana kasema njia ya mwongo ni fupi, nikaombe radhi yaishe. Kasema hawezi kuinama kwenye moto na kidonda kile. Akalia kidogo. Roho iliniuma, kweli.

Lakini maji nimeshayavulia nguo. Gogo nene nililokuwa nalo ni la tembo tu. Nimemkata mkonga, nikamtoboa mgongoni mpaka tumboni. Kufika magharibi, kinu tayari. Hoteli itaelewa.

Ijumaa, 20 Juni

Wamekuja. Mmoja wa wanafunzi ni Nurdin, eti anataka kuongeza ujuzi. Nimetwanga. Nusu ya mchele wameokota kuku.

Bi Hamdiya akakizunguka kinu, akakinusa, akauliza kimetengenezwa lini. Hapo ningenyamaza. Lakini Nurdin akasema, polepole, kinu kama hiki kinataka wiki mbili. Wiki mbili! Nikamwambia siku moja. Jana. Asubuhi mpaka magharibi, mikono yangu hii. Na Bi Hamdiya akitaka vya dukani, namletea vitano wiki ijayo.

Bi Hamdiya katoa daftari. Nilidhani anaandika oda.

Jumamosi, 21 Juni

Kamati imekaa sebuleni kwetu. Flaviana kajieleza mwenyewe, kashika tumbo, kwamba mkono wake haujagusa kazi tangu ajifungue. Aliyemtetea ni Nurdin. Sijui anatafuta nini.

Uamuzi: siku arobaini za Flaviana zinabaki. Siku zangu zilizosalia kapewa Yuliana, maana ndiye anayehudumia. Nikikamatwa tena na udanganyifu wowote, jalada linafungwa na Flaviana anarudi kwenye vitumbua.

Walipoondoka Flaviana kanishika mkono. Kasema, baba mtoto, tulia. Nimemwahidi.

Jumapili, 22 Juni

Nimetulia mpaka saa nne asubuhi. Kisha nikasoma masharti ya chama upya, yote, hadi nyuma ya karatasi. Kipengele cha tisa: mama wa mapacha anapumzika siku themanini, kwa posho ileile ya kila siku. Themanini. Mke wangu angepona kabisa. Na mie simo humo, ni kwa ajili yake tu.

Bi Hamdiya anarudi Jumanne. Mtoto analala kafunikwa kanga, unaona uso basi. Kipande cha gogo kilichobaki kinatosha. Pua imekaa sawa, nahangaika na midomo.

Siku ile alipakata mmoja, ni kweli. Lakini hakuuliza kama kuna mwingine.