Kamera ya Kulinda Kuku wa Maman Eulalie

Jumatatu, 3 Juni 2024
Leo ni leo! Nimepata sokoni Nyawera kamera ya michezo, ile inayokutazama ukirukaruka mbele ya televisheni ukicheza mpira bila mpira. Maman Eulalie, mama ya Georgette wangu, anaibiwa kuku mchana akiwa sokoni. Nikimnasa mwizi, ataninyimaje binti yake? Mardochée naye anamtaka Georgette. Ameleta mbwa wa kulinda. Mbwa, siku hizi! Nimecheka sana.

Jumanne, 4 Juni
Kamera iko uani, imeunganishwa na kompyuta yangu. Inatambua kichwa, mikono, miguu. Nimeipanga hivi: mtu akiinua mikono juu ya kichwa, king'ora kilie. Mwizi atapitishaje kuku juu ya ukuta bila kuinua mikono? Akili hii nimeitoa wapi jamani! Georgette aliuliza: na maman akianika nguo? Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kamba ya nguo nimeihamishia nyuma ya choo. Maman amenuna.

Alhamisi, 6 Juni
Ole wangu. Hakuna aliyeniambia kwamba leo shirika letu, majirani wa parokia, linasali nyumbani kwa Maman Eulalie. Sawa, Georgette aliniambia. Sikusikiliza. Tulienda vizuri mpaka Baba Yetu. Uani kote mikono juu! King'ora kikalia. Waimbaji wakakimbilia ukuta, wakaupanda, mikono juu zaidi, mashine ikazidi kupiga kelele. Papa Guy, anayeongoza sala, alimkemea shetani, akamtaja kwa jina langu. Mbwa wa Mardochée alikaa ametulia kama katekista. Maman alisema huyu kijana iko na pepo, asikanyage tena kwake. Aibu gani hii!

Jumamosi, 8 Juni
Kamera niliyoiacha uani imeibiwa! Umeme ulikatika, mbwa akalala, mwizi akaingia. Kuku wote wapo. Nimemtumia maman ujumbe: mara ya kwanza mwizi anaacha kuku, kwa hiyo kamera imewalinda. Nimelia kidogo. Kamera itapatikana, lakini Georgette nitampata wapi mwingine?

Jumatatu, 10 Juni
Mungu ni mwema! Georgette amembembeleza mama yake mpaka amelegea. Jumapili niende kula bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, nizungumze kama watu, basi. Georgette ameniapisha: hakuna mashine uani tena. Maman anataka tu kuniona nimetulia. Nimeapa mbele ya Bikira Maria, machozi yakinitoka.

Kisha nimeshuka Nyawera, nimepata kamera nyingine. Safari hii hakuna king'ora, mimi si mjinga. Maman akifanya ishara ya msalaba kabla ya kula, wimbo wa Bikira utaanza wenyewe, sauti ya juu kabisa. Atalia kwa furaha! Georgette alikataza uani. Nyuma ya pazia la sebule hakutaja.