Herufi Zinazolika

Jumatatu, 5 Oktoba 2009. Nyamugari, Gitega.

Nimepata akili! Jumamosi kamati ya wazazi inachagua mwalimu mmoja wa kudumu wa darasa la watoto wadogo: mimi au Paskazia. Nikikosa, narudi Muyinga kupalilia mihogo ya kaka yangu Egidius, na mgongo wangu ulishanigomea tangu mwaka jana. Sikurudi Burundi kutoka Tanzania kuja kufa na jembe mkononi.

Paskazia anafundisha upande wa pili wa pazia, chumba kilekile, na kazi yake ni kuimbisha. Ma-me-mi-mo-mu mpaka kengele. Neno hata moja watoto wake hawalijui! Mimi ni mtu wa vitendo. Nimewatangazia wangu: kesho sauti ni M, kila mmoja aje na kitu cha kwao kinachoanza na M. Nikatoa mifano wasije wakapotea. Mayai. Mchele. Maharage. Mafuta pia si mabaya.

Jikoni kwangu hamna kitu. Hilo halihusiani.

Jumanne, 6 Oktoba.

Ushindi! Mayai, mchele, maharage, muhogo mkubwa kuliko aliyeubeba. Kila kitu tumekishika, tumekinusa, tumekitamka. M-m-mayai! Kisha nikavikusanya kwa ajili ya marudio ya nyumbani. Marudio nimeyakaanga na kitunguu.

Kasoro ni Elias. Kaleta mama yake! Nikamweleza kwamba mama hahesabiki, akaangua kilio, ikabidi darasa zima limtamke. Mama mwenyewe alikaa kwenye benchi mpaka mwisho, akiuliza mayai yanakwenda wapi. Nikamwambia elimu ya siku hizi ina mambo mengi.

Paskazia kachungulia pazia na kuniuliza, kwa Kiswahili chake cha hapahapa: "Longino, hii iko masomo ao iko soko?" Wivu huo.

Jumatano, 7 Oktoba.

Sauti K. Kabichi, karanga, na kuku! Kuku mzima, mwekundu, kaletwa na mtoto wa Magloire, yule Mkongomani muuza vitenge ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati. Mtoto yule ana akili, nilimwona tangu mwanzo.

Elias kaleta kaka yake. Kaka kazila karanga zote kabla hatujazitamka. Khaa! Sijui familia ile imeumbwaje.

Kuku nimemla jioni na ugali. Paskazia ananuka chaki, mimi nanuka mchuzi.

Alhamisi, 8 Oktoba.

Sauti N. Nilitegemea nyama. Elias kaleta nyuki, wamo kwenye kopo, na kopo halina mfuniko wa maana. Naandika kwa jicho moja. Upande wa Paskazia nao wimbo ulibadilika.

Lakini! Upendo, yule binti mpole, kaja anavuta ndama kwa kamba. Nyuma yake babu yake, mzee Kasiano, na kibuyu cha urwarwa, pombe yao ya ndizi. Mzee akaniuliza kama kweli namtaka ndama. Nani asiyetaka? Nikapokea kamba kwa mikono miwili. Akaita majirani waje washuhudie, tukanywa kwa mirija kutoka kibuyu kimoja, watu wakapiga makofi, mzee akanishika bega huku machozi yakimlengalenga. Watu wakarimu jamani! Kule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi nilikokulia, sijaona mtu akitoa ng'ombe kwa ajili ya herufi moja.

Ijumaa, 9 Oktoba.

Mungu wangu! Asubuhi Kasiano mlangoni. Mbona bado nimelala, majani ya ng'ombe wake yako wapi? Wake! Nikamkumbusha kwamba kanipa. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza polepole, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Hapa ukipokea ng'ombe wa mtu mbele ya majirani na ukanywa naye, umekuwa mtu wake. Unamlisha ng'ombe. Akizaa, mtoto wa kwanza anarudi kwa mzee. Uzio wa mzee ukianguka, unaitwa. Mbolea ndiyo yako.

Nikasema basi amchukue. Majirani waliokuja kuchungulia wakaanza kunong'onezana. Paskazia akanivuta pembeni: kumrudisha ni kumtukana mzee na ukoo wake wote, nisithubutu, hasa kabla ya kura. Ukweli, alikuwa ananionea huruma, na hilo limenikera zaidi.

Nimekata majani mpaka mchana. Mbolea ninayo tele, shamba sina. Ndama kala herufi zangu za ukutani, kuanzia A mpaka karibu na P.

Jumamosi, 10 Oktoba.

Wazazi walijaa. Watoto wa Paskazia waliimba vizuri, ila Magloire alipowaomba neno la M, wakaimba tena. Nikajua nimeshinda. Akawageukia wangu: M?

Mayai ya mwalimu! Mchele wa mwalimu! Maharage ya mwalimu! Hawakukosea hata moja, nilitaka kulia kwa fahari. Wazazi wakaanza kutazamana.

Akauliza K. Kuku wa mwalimu! Aliyepaza sauti kuliko wote ni mwanawe mwenyewe, akaongeza: kuku mwekundu! Magloire akasimama. "Kumbe kuku yangu ilikwendaka ku masomo?" Nikajibu ndiyo, na alifanya vizuri.

Hapo bado ningeweza kujiokoa. Lakini Upendo hakungoja kuulizwa: N, ndama wa mwalimu! Kasiano akainuka kumsahihisha. Ndama ni wake. Na mwalimu ni wake pia.

Kura zote kwa Paskazia. Tena kaiba mbinu yangu! Watoto wataendelea kuja na vitu, ila jioni kila kitu kinarudi kwao. Kinarudi! Sasa faida yake nini?

Upendo kaja kuniaga. Kanitajia maneno yote ya M, bila kusaidiwa. Imeniuma. Kazi ile niliitaka, kweli niliitaka.

Jumapili, 18 Oktoba. Muyinga.

Tumefika, mimi na ndama, nyuma ya lori. Nyamugari majani ni shida, na Kasiano karidhia kwa moyo mweupe: atakuwa anakuja kututembelea na kibuyu chake. Egidius hakusema karibu. Kanipa jembe. Magugu yamefika kiunoni, na mgongo umeanza kulalamika kabla sijainama.

Lakini nimechunguza. Watoto wadogo hapa wamejaa, darasa hawana, na wazazi wao walirudi kutoka Tanzania kama mimi, wanapenda shule. Nimewatangazia leo baada ya misa. Darasa ni bure, linaanza kesho asubuhi, palepale kwenye mihogo ya Egidius, kwa sababu ya hewa safi. Sauti ya kwanza ni J. Kila mtoto aje na jembe.

Kuna mmoja kauliza kama anaweza kuleta jirani. Nimemruhusu, mradi jirani naye aje na jembe.