Bahari Iliponikimbia Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, leo bahari imenivua heshima. Mbele ya mama mkwe! Sasa nimeshavaa, nimeshatulia, ndiyo nawahadithia.

Mimi na mke wangu Kadzo tumeiota safari hii tangu tuoane: kushuka na pwani yote, Malindi hadi Vanga, kwa gari letu wenyewe, tukisimama tunapotaka. Gari tumelipata mwezi jana. (Kuukuu, lakini linawaka.) Ugomvi ukabaki mmoja tu: tusimame wapi kwanza?

"Kwanza Adu, kwa mama," akasema Kadzo. "Safari ndefu haianzi bila baraka za mzazi. Na nimeshamwambia Jumamosi tutapita."

"Adu iko kaskazini, sisi twaenda kusini! Safari gani hiyo ya kuanza kwa kurudi nyuma?"

Tena kwa wakwe mnakujua. Hapapitwi. Ukifika, kuku anakimbizwa, na mpaka aive jua limetua. Mimi nilitaka Kuruwitu, niogelee pale wenyeji wanapolinda matumbawe, samaki hawamkimbii mtu. Basi jana jioni nikajitia ujanja, nikampigia mama simu.

"Shikamoo mama. Homa imenishika vibaya, hata kuinuka siwezi. Kesho hatutaweza kuja." (Nikakohoa kidogo, kwa kunogesha.)

"Marahaba, baba. Pole sana. Lala, usijisumbue kabisa."

Kadzo akanitazama. "Uongo huo ni wako. Mimi simo."

Leo saa mbili unusu asubuhi tuko Kuruwitu. Ufuo mtupu. Nafungua begi: kaptula ya kuogelea nimeiacha nyumbani! Nikasema liwalo na liwe, hapa nani ananijua? Nikavua, nikabaki na chupi. (Nyeupe. Ya zamani. Mpira wake ulishakata tamaa.) Kadzo akazitia nguo zangu garini, akafunga, akaenda na ufunguo kutafuta mahamri.

Raha niliyoipata! Maji yanifika kifuani, samaki wa kila rangi wananizunguka miguu. Nikajiambia, Karisa, hii ndiyo safari.

Mara nasikia wimbo. Basi limesimama kule juu, na akina mama kama thelathini wanateremka, sare zao leso za manjano. Kikundi cha kanisa, wamekuja kujifunza namna bahari inavyotunzwa. Aliye mbele, anayeongoza wimbo, ni nani? Mama mkwe!

Nikazama mpaka kidevuni. Nikasema watapiga picha, wataondoka.

Hawakuondoka. Walikaa chini mchangani kusikiliza maelezo! Na mimi, mzaliwa wa pwani, nilikuwa nimesahau jambo ambalo hata mtoto wa chekechea wa Malindi analijua: leo ni bamvua, siku ambayo maji hujaa sana na kutoka sana. Maji yalikuwa yakipwa, tena kwa haraka. Nilikuwa nimepiga magoti, yakafika kifuani. Nikakaa kitako, yakafika kitovuni. Nikalala kifudifudi, mgongo ukaanza kukauka. Kukimbilia kwenye kina siwezi, mwamba umeshatokeza. Kadzo naye haonekani. (Mahamri ya saa nzima!)

"Maiti!" mama mmoja akapiga ukemi.

Wakaja mbio wote. Mama mkwe akasimama, akanikazia macho. "Upara huo naufahamu," akasema taratibu. "Karisa?"

"Shikamoo mama," nikajibu, uso umo mchangani.

Marahaba haikuja.

"Mama Kadzo," mwenzake akamuuliza, "si ndiye huyu mkweo aliye mahututi, uliyetuombesha njia nzima?"

Hapo nikajua nimekwisha. Kuumbuka kwangu si kitu, lakini nimemwaibisha mzazi wa watu mbele ya kanisa lake. Kadzo hatanisamehe, na mimi mwenyewe sitajisamehe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mama akavuta pumzi. "Geukeni nyote!" Wakageuka. Akafungua leso yake ya juu, akanirushia bila kunitazama. Nilipokwisha kujifunga, akainua mikono: "Ndiye huyu! Jana kuinuka hawezi, leo anaogelea! Maombi yenu yamejibiwa!"

Vigelegele! Nyimbo! Kisha wakataka ushuhuda. Nikasimama katikati yao, leso imenikomea magotini, maji yananichuruzika, nikashuhudia homa ilivyonitoka. Kadzo alinikuta hapo hapo. Mnadhani alinisaidia? Aliketi chini akacheka mpaka mahamri yakamwagika mchangani.

Walipokwenda kutazama samaki, nikamfuata mama kando. "Nisamehe, mama. Sikuwa naumwa."

"Sasa najua. Mgonjwa gani wa kuogelea?" Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Safari hii tumeipanga mwaka mzima. Kadzo aliponiambia mtapita leo, nililia. Ningeondokaje na mkwe anakuja, hajachinjiwa hata kuku? Uliposema unaumwa, baba, nilimshukuru Mungu. Kisha nikatubu, ndiyo nikakuombea."

Wallahi mzigo ulinitoka wote! Nilicheka, na machozi yakanitoka. Huyu mama Mungu ampe umri. Kwa furaha hiyo nikajikuta nasema, "Mama, si twende sote Vanga!" (Ilikuwa adabu tu, jamani. Adabu!)

Alikubali kabla sijafunga mdomo. Na kwa kuwa wenzake walikuwa wanamuaga pale garini, hadithi yake hakuibadilisha hata kidogo: "Aliyetoka homani jana hashiki usukani."

Basi Kadzo ndiye dereva, mama yuko kiti cha mbele, na mimi nimelazwa nyuma, nimefunikwa mpaka shingoni, hata dirisha nimekatazwa kufungua. Mkicheka chekeni kimya kimya, simu isilie lie kwa ujumbe wenu: ameshaniuliza mara mbili mgonjwa anaandika nini.