Bei ya Mrija kwa Kadiri ya Cheo

Ofisi ya Mji ya Bei na Heshima ya Vinywaji vya Mkono ina furaha kuutangazia umma wa Uvira, kuanzia Kalundu hadi Kavimvira, kwamba swali lililousumbua mji kwa muda mrefu limepata jibu la kudumu. Swali lilikuwa hili: mtu anaponunua pombe iliyopikwa kwa mkono, bei ina uzito gani katika uamuzi wake?

Jibu ni kwamba inategemea mtu huyo ni nani.

Mimi ninayeandika taarifa hii ni katibu wa Ofisi. Tulikuwa watumishi watano, meza tatu na muhuri mmoja. Tulifanya utafiti wa wiki sita katika mitaa ya Kimanga na Nyamianda, na matokeo yalikuwa wazi. Wanunuzi wote waliuliza bei kabla ya kunywa. Wanunuzi wote walikunywa baada ya kuambiwa bei. Mkurugenzi wetu, Bwana Cyprien Mugabo, alilikazia macho jedwali hilo siku nzima, kisha akahitimisha kwamba bei haiipimi pombe. Bei humpima mnywaji.

Watu wasio na elimu ya takwimu walidai kwamba Mkurugenzi alikuwa amekasirika tu. Ni kweli kwamba juma lililotangulia alikuwa ameketi kando ya mtungi wa mpikaji Mama Émérance, pale Kimanga, bega kwa bega na mpakia mchanga wa mto Kalimabenge. Wote wawili walilipa franka elfu tatu. Wote wawili walipewa mrija. Mpakia mchanga alikuwa na mapafu makubwa zaidi. Mkurugenzi alieleza baadaye, katika barua rasmi, kwamba pombe ilikuwa ikipungua zaidi upande wa yule bwana.

Kwa faida ya wasomaji waliozoea chupa, nieleze jinsi pombe hii inavyouzwa. Mama Émérance huweka mtungi mmoja katikati na mirija minane. Mnunuzi hanunui pombe, hununua mrija. Mwenye mtungi hunywa kwanza, mbele ya macho ya wote, ili ijulikane kwamba hakuna ubaya uliotiwa ndani. Kisha wanane huinama, na hawainuki mpaka mirija ianze kuvuta hewa. Mtama unatoka bonde la Ruzizi. Asali inatoka Mulenge, nayo huletwa na Mzee Gwiza, mfugaji na shemasi, ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Akifika na asali yake, huketi pembeni na chupa ya soda, akingoja galoni zake zioshwe.

Mama Émérance alikuwa na mitungi kumi na mmoja. Mitungi hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba na karo ya binti zake wawili. Hakuwa na kazi nyingine. Hilo Ofisi ililijua, kwa sababu tulilijaza wenyewe kwenye fomu yake.

Azimio Namba Moja lilisomwa redioni siku ya Jumatatu. Kila mnywaji angelipia mrija kwa kadiri ya cheo chake. Mwananchi wa kawaida, franka elfu tatu. Karani na katibu, elfu nane. Mkuu wa kitengo, elfu ishirini. Mkurugenzi, elfu arobaini na tano. Mpikaji yeyote ambaye angemtoza mtu bei isiyo ya cheo chake angenyang'anywa kibali daima, na mitungi yake ingevunjwa hadharani.

Mama Émérance alikuja ofisini kuomba ufafanuzi. Alikuwa na kitenge safi na maswali mafupi. Aliuliza kama kwa elfu arobaini na tano mheshimiwa apewe mtungi wake peke yake. Mkurugenzi akasema hapana, kwa kuwa kiongozi hapaswi kujitenga na wananchi. Akauliza kama basi apewe asali zaidi. Hapana, asali haikutajwa kwenye Azimio. Tofauti ingekuwa kwenye mrija: mrija wa cheo ungevishwa pete ya shaba.

"Lakini pombe iko ile ile," alisema Mama Émérance.

"Iko ile ile, mama," Mkurugenzi alikubali. "Lakini bo, bananchi, banaikunywa chini. Minye ninaikunywa juu."

Mama Émérance alishukuru, akaenda kutafuta shaba.

Msomaji makini atauliza kwa nini watumishi watano wenye akili timamu walijipandishia bei wenyewe. Sababu ni ya kiutawala. Tulikuwa tumeiandikia hazina tukiomba posho ya uwakilishi, ili Serikali ilipe tofauti ya mrija. Barua ilikuwa nzuri. Niliiandika mimi. Majibu yalifika baada ya wiki mbili: hazina ilitambua kikamilifu heshima ya watumishi husika, ila haikuwa na fungu la kuilipia.

Kuliondoa Azimio hakukuwezekana. Lilikuwa limekwisha kusomwa redioni mara mbili, na mara ya pili kwa Kifaransa.

Tangu siku hiyo, jambo la kutia moyo lilianza kuonekana Kimanga. Waheshimiwa walitoweka. Mkuu wa kitengo cha takwimu alionekana kwenye mtungi akiwa na ndala na jembe begani. Alisema analima muhogo. Makarani wawili walijitambulisha kuwa mafundi viatu. Mimi nilikuwa mvuvi. Niliulizwa ninatumia wavu gani, nikajibu kwamba ninatumia wavu wa kawaida, na nadhani jibu hilo liliridhisha.

Mkurugenzi alichagua ufugaji. Alikuja Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, na buti za mpira, kofia pana na fimbo mpya ambayo bado ilikuwa na karatasi ya duka. Alisema ametoka Mulenge, ni mwananchi wa kawaida, na anaomba mrija wa elfu tatu.

Haikuwa bahati yake. Mzee Gwiza alikuwa ameketi pale na soda yake. Alimsogelea kwa furaha ya mtu aliyekutana na jirani, akamuuliza anatoka Mulenge upande gani. Mkurugenzi akasema upande wa juu. Mzee akauliza ana ng'ombe wangapi. Mkurugenzi akafikiri, akajibu kwamba idadi kamili iko kwenye dosie, kabatini.

Mzee Gwiza alitikisa kichwa taratibu.

"Kule kwetu," alisema, "bantu benye banakunywa pombe ninabajua bote kwa majina. Tunabaombea kila Siku ya Mungu. Weye hatujakuombea bado."

Wanywaji walicheka mpaka mirija ikatoa mapovu. Mama Émérance hakucheka. Alikuwa ameitambua sauti iliyomweleza habari za juu na chini. Akimtoza elfu tatu na ukaguzi ukafika, mitungi yake itavunjwa. Akimtoza elfu arobaini na tano, mfugaji huyu ataapa kwamba ameonewa, na mitungi itavunjwa vilevile. Na kumfukuza mtu aliyemwekea muhuri kwenye kibali ni jambo ambalo hakuna mpikaji wa Uvira aliyewahi kulijaribu.

Alikwenda kwenye kibanda cha jirani, akarudi na daftari la shule la kurasa mia. Akatangaza utaratibu mpya, kwa sauti ya upole. Kila anayetaka mrija wa elfu tatu ataonyesha kadi yake ya mpiga kura, ataandika jina kama lilivyo kwenye kadi, na ataandika kwa mkono wake kwamba hana cheo chochote. Mzee Gwiza atatia sahihi kama shahidi, kwa kuwa pale yeye ndiye pekee ambaye angeweza kuapa kwamba hakuwa amelewa.

Mkurugenzi alisita. Nilimwona akihesabu jambo moyoni. Baadaye alinieleza hoja yake, nami niliiona ni nzito: karatasi ya pombe si karatasi ya Serikali, haina kichwa wala namba ya kumbukumbu. Akatoa kadi. Akaandika: Mimi, Mugabo Cyprien, sina cheo chochote, mahali popote. Maneno mawili ya mwisho hayakudaiwa na mtu. Aliyaongeza kwa mazoea ya kuandika kikamilifu.

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na ile iliyofuata. Sote tulirudi. Daftari lilijaa mwandiko mzuri kuliko daftari lolote la Kimanga.

Jumamosi ya nne, saa tisa alasiri, mkaguzi wa mkoa alifika kutoka Bukavu. Jina lake ni Bibi Josée Niyigena. Alikuwa amepokea barua isiyo na sahihi ikisema kwamba Mama Émérance anawauzia wakubwa kwa bei ya wananchi. Alikuja na polisi wawili na nyundo moja. Nyundo ilikuwa mpya. Alikuwa hajawahi kumwona Mkurugenzi wetu kwa macho. Walijuana kwa barua, na barua zetu, nasema bila majivuno, zilimwonyesha kuwa mtu mkubwa sana.

Bibi Josée alisoma Azimio kwa sauti, neno kwa neno, huku wanane tukiwa tumeinama na mirija midomoni. Kisha akauliza ni nani hapa mwenye cheo. Hakuna aliyeinua kichwa. Polisi mmoja akaanza kuipanga mitungi kwenye mstari, ili kazi isichukue muda.

Mama Émérance alileta daftari. Alilishika kwa mikono miwili, kama sahani inayopelekwa kwa mgeni. Bibi Josée alilifungua. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akarudi kwenye wa pili. Akatoa miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mugabo Cyprien iko wapi?" aliuliza.

Kofia pana iliinuka taratibu.

"Kwenye ofisi ya mji kuna Directeur wa jina hili hili," alisema Bibi Josée. "Njo weye?"

Nitaeleza hali ilivyokuwa, kwa haki ya pande zote. Kama angesema ndiye, angekuwa na deni la tofauti ya mirija mitatu, na huo wa nne ulikuwa mdomoni. Mfukoni alikuwa na franka elfu sita. Nilijua, kwa sababu elfu tatu kati yake nilimkopesha mimi. Na nyundo ingeanza kazi. Mama Émérance alimtazama usoni. Mzee Gwiza alifumba macho. Huenda ndipo alipoanza kumwombea.

"Hapana, madame," alisema Mkurugenzi. "Minye siko Directeur. Minye niko muntu wa bule."

Bibi Josée alimshukuru kwa ushirikiano. Akaandika. Akagonga muhuri kwenye kila ukurasa wa daftari, na kwa tendo hilo karatasi ya pombe ikapata namba ya kumbukumbu. Mama Émérance alikutwa hana kosa, akapewa hati ya kibali ya miaka mitano. Nyundo ilirudishwa kwenye gari.

Jumatatu asubuhi, Mkurugenzi alifika ofisini na tai. Mlangoni palikuwa na tangazo kutoka mkoani. Lilisema kwamba, kwa maandishi ya wahusika wenyewe mbele ya shahidi asiyelewa, imethibitika kuwa Ofisi haina Mkurugenzi, haina mkuu wa kitengo, haina makarani wala katibu, na kwamba nafasi hizo zitajazwa. Askari wa lango alikuwa amelisoma. Alitusalimu kwa adabu, akatuuliza tumekuja kumwona nani.

Bwana Cyprien hakukata tamaa. Ni mtu wa kanuni. Alinikumbusha kwamba, kwa mujibu wa utafiti wetu wenyewe, bei ndiyo inayoonyesha mtu ni nani. Kwa hiyo mtu anayelipa bei ya Mkurugenzi ni Mkurugenzi, na risiti ni uthibitisho. Aliuza simu yake Nyamianda, akapata elfu hamsini, akaniomba nimsindikize Kimanga kama shahidi.

Mama Émérance alikuwa akikamua mtama. Bwana Cyprien alimwekea noti mezani, zimenyooshwa vizuri, elfu arobaini na tano kamili. Aliomba mrija wenye pete ya shaba, na risiti yenye cheo chake.

Mama Émérance alifuta mikono. Hakuzigusa noti. Aliingia ndani, akatoka na hati yake ya miaka mitano ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, akamwonyesha mahali pa kusoma. Nilisoma pia, juu ya bega. Sentensi ilikuwa yangu, imenakiliwa kutoka kwenye Azimio, nami bado naiona imejengwa vizuri: mpikaji asimtoze mtu bei isiyo ya cheo chake.

Bwana Cyprien alimsihi. Alisema atalipa elfu sitini. Alisema atalipa kesho pia, na kila siku, hata bila kunywa.

"Papa, unisamehe," alisema Mama Émérance, na kwa kweli alionekana kumwonea huruma. "Kwako weye iko elfu tatu. Nikipokea hata franka moja ya zaidi, banavunja mitungi yangu."